Milango ya Lemon Gaba

Siku Saturnino alipokuja mwenyewe, alisimama nje ya turubai na kupiga makofi, kwa kuwa nyumba ile haikuwa tena na mlango wa kugonga.

"Hodi! Watu wa nyumba iko?"

Ketty alikuwa amepiga magoti akimlisha mumewe. Lagu angeweza kula kwa mkono wa kushoto, lakini asida, ugali wa kwao, ikiwa ya moto ilimshinda kumega, na mkono wa kulia ulikuwa umelala pajani, vidole vimekauka vimepindia ndani. Mama yake Lagu, bibi Teresina, aliyekuwa akichambua majani ya bamia pembeni, aliitambua sauti ile na kutema mate ndani ya bakuli la vikonyo.

"Karibu, mzee," Ketty akasema, kwa sababu hapakuwa na neno jingine la kumwambia mwenyekiti wa mtaa.

Saturnino aliinama, akaingia. Hakukaa. Aliangalia kuta, akaangalia sahani, akamwangalia Lagu kama mtu anayekagua mbuzi mgonjwa.

"Mkono inaendelea?"

"Inaendelea," Lagu akajibu huku ameinamisha kichwa.

"Malesh, pole. Mungu iko." Kisha akamgeukia Ketty. Alieleza kwamba shirika moja la wageni linataka kumpa cheti cha amani, kwa vile alivyowaficha watu uani kwake mwezi wa saba, vita vilipolipuka. Sherehe itakuwa hotelini, mtaa wa Hai Amarat. Watu wa mtaa wote wamealikwa, watabebwa na lori lake. Mpwa wake Emilio alikuwa amepiga video siku zile kwa simu, nayo itaonyeshwa kwenye televisheni kubwa. "Lakini wale vijana wa Kampala wa mambo ya mitambo, wote wamekimbia kwao. Nimesikia wewe iko na kompyuta."

"Ninayo."

"Basi utafanya. Unipangie video vizuri, na mbele yake uandike jina yangu. Kubwa! Ijaze kioo kutoka huku mpaka huku." Alipanua mikono mpaka ikagusa turubai. "Na siku hiyo mtakula nyama, nyinyi wote. Mimi siweki mambo moyoni. Watu wananiuliza, Saturnino, unampa kazi mke wa mwizi? Nawaambia, amani ni amani."

Aliweka kikadi cha simu chenye video juu ya mtungi, akatoka. Asida ilikuwa imepoa. Lagu hakutaka tena kula.

Ketty alirudi kumpangusa midomo. Tangu mwezi wa saba, kila alipoisikia sauti ya mtu yule, alihisi kitu kama moto wa mkaa uliofunikwa majivu kifuani, na kila siku alikuwa akiupulizia kidogo ili usizimike.

Lagu alikuwa mchomeleaji. Walipotoka uhamishoni Uganda na kupata kiwanja Lemon Gaba, ni yeye aliyewatengenezea majirani milango ya chuma, na kila mlango aliupa alama yake kwa jinsi mwenyewe alivyotaka. Mkunga aliomba kuku. Loro, kiongozi wa kwaya, aliomba ngoma; mwalimu wa shule naye akaomba yake. Kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe Lagu alichomelea korongo mwenye taji, ndege wa nembo ya Uganda, kwa kuwa Ketty alikulia huko. Vita vilipoanza watu walikimbia, wengine kwenye uwanja wa kanisa kuu, wengine uani kwa Saturnino mwenye ukuta mrefu na shemeji kanali. Waliporudi walikuta nyumba zimekombwa, na milango haipo. Haikuvunjwa. Bawaba zilikuwa zimefunguliwa taratibu, moja moja.

Kwenye mkutano wa mtaa Saturnino aliuliza swali moja tu: "Nani anajua bawaba hizi kuliko yule aliyezitengeneza?" Hakuongeza neno. Jioni ile ile vijana walimburuta Lagu mpaka karakana yake, wakamlazia mkono juu ya fuawe yake, wakaupiga kwa nondo yake.

*

Laptop ya Ketty ilikuwa kuukuu. Aliinunua Kampala alipokuwa akisoma chuo cha masista, na virusi vilipoiua programu yake ya kwanza, mwalimu wake aliiwekea Linux. Tangu hapo alizoea kuiamuru kwa maandishi, kwenye dirisha jeusi, kama mtu anayeongea na punda mkaidi lakini mwenye nguvu. Betri ilikuwa imekufa zamani, ikawa haiwaki bila waya wa umeme. Kesho yake aliipeleka kwa jirani mwenye sola, akaiacha imechomekwa, akarudi saa ya chakula anahema.

"Mama, njoo. Lagu, njooni wote wawili twende kwa jirani. Sasa hivi."

Walisimama nyuma yake, na Ketty akaicheza video. Saturnino alikuwa katikati ya uwanja wake, kanzu nyeupe, akigawa maji kwa kikombe. Watu walikaa chini wakipokea. Loro alikuwemo, kichwa kimefungwa taulo. Saturnino akainua mikono akaomba.

"Namwona shetani anasali," Teresina akasema. "Ndiyo hiyo umetuitia?"

"Usimwangalie yeye, mama. Angalia pembeni kabisa, huku kulia."

Pembeni kabisa, kwenye ukanda mwembamba wa picha, kulikuwa na ukuta wa ghala. Pikapu ilikuwa imeegeshwa kinyumenyume, na wanaume wawili wakishusha kitu kizito. Walikiegemeza ukutani juu ya vingine. Jua lilikipiga. Ulikuwa mlango wao wenye korongo.

Lagu aliweka mkono wake mzima juu ya meza. Alipumua kwa kelele kama mtu aliyenyanyua mzigo.

"Ile ngoma ya Loro," akasema. "Ile kuku. Ile ni ya mwalimu. Zote ziko pale."

"Emilio hakuona?" Teresina akauliza.

"Kwenye simu ni kadogo, na kidole kinafunika. Tena aliniambia wameijaribu kwenye televisheni ya mjomba wake ikawa safi. Televisheni nyingine zinakula kingo za picha, mama. Itakuwa ilikula hapo."

Lagu akasema, "Zima."

"Lagu..."

"Zima hiyo kitu, Ketty! Shemeji yake ni kanali. Mimi nimebaki na mkono mmoja. Unataka nibaki na nini?"

"Nataka ubaki na jina lako."

"Jina halishiki kijiko."

Ketty alilipenda lile jibu, na alilichukia. Ni Teresina aliyeongea, polepole, kwa sauti ambayo hawakuwa wameisikia tangu mwezi wa saba.

"Mwanangu, mimi nimezika watoto Uganda, nimezika baba yako njiani tunarudi. Yote nimemwachia Mungu. Hii moja simwachii. Nataka niione sura ya yule mtu."

*

Hotelini Hai Amarat meneja alimwonyesha Ketty televisheni iliyotundikwa ukutani mwa ukumbi, pana kama meza ya watu sita. Rimoti, alisema, iliibwa pamoja na magodoro.

Ketty aliunganisha waya, na mara akaona alichokihofia. Televisheni ilikuwa ikikata zaidi ya kiganja kila upande. Saturnino alionekana, maji yalionekana, lakini ghala halikuwepo. Pikapu haikuwepo. Kwenye kioo kidogo cha laptop korongo alikuwa akimeta, na ukutani palikuwa na mtu mwema tu anayesali.

Emilio aliingia akitafuna sambusa. Alikuwa kijana mtanashati, miwani ya jua kichwani. Alitazama kidogo.

"Iko poa. Hata ya mjomba nyumbani inakata hivyo hivyo. Iache."

"Sawa."

"Usicheze na kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Emilio."

Alipotoka, Ketty alifungua dirisha jeusi. Bila rimoti asingeweza kuiambia televisheni iache kukata, ila angeweza kuiambia kompyuta itume picha ndogo zaidi, ikae yote ndani ya kioo. Orodha ya vipimo iliyokuwemo haikuwa na kipimo cha kufaa. Ilibidi atunge chake. Aliandika namba mbili, upana na urefu, akaiamuru mashine ipige hesabu. Ikamrudishia mstari mrefu wa tarakimu. Akaunakili mstari ule kwa amri ya xrandr, ile inayopanga vipimo vya kioo, akaupa jina, akaufunga kwenye waya wa televisheni, akabonyeza. Kioo kikawa bluu tupu, na maandishi kwamba umbo hilo halitambuliwi.

Alifuta. Akajaribu tena, safari hii 1680 kwa 945. Televisheni ikazimika, ikafikiri, ikawaka. Kingo zote nne zilikuwa zimeingia ndani. Na kule kulia, kubwa kuliko mtu mzima, milango ya Lemon Gaba ilikuwa imeegemezwa ukutani, ngoma, kuku, korongo, na wanaume wawili wakiongeza mwingine.

Mhudumu mmoja Mkenya alipita na trei ya glasi. "Sasa picha imeingia yote, dada. Safi."

"Imeingia," Ketty akasema.

Angeweza kuiacha vile. Lakini Emilio angerudi kuangalia. Tena kulikuwa na jambo jingine, na hilo ndilo lililomfanya atabasamu peke yake ndani ya ukumbi ule mtupu. Aliirudisha picha kama ilivyokuwa, akaweka ule ukurasa wa mwanzo aliouandika kwa agizo la mzee, SATURNINO MTU WA AMANI, kutoka huku mpaka huku. Televisheni ikala herufi mbili za mwanzo na mbili za mwisho. Ketty aliitazama kwa muda mrefu. Hakumwambia mtu. Alitaka amri itoke kinywani mwa mwenyewe.

*

Watu walijaa. Lori lilikuwa limewashusha wamevaa nguo za Jumapili, walizosalia nazo. Teresina aliketi mstari wa mbele bila kualikwa mbele. Lagu alikaa karibu na mlango wa nyuma, na kila aliyepita alivuta sketi au suruali yake asimguse. Kanali alikaa kwenye kiti chenye kitambaa, karibu na mzungu wa shirika.

Saturnino alihutubia kwa furaha. Alisema juu ya maji, juu ya risasi, juu ya ukuta wake. "Na hata mwizi aliyetutesa hapa mtaani, mimi nimemsamehe! Mke wake huyu hapa. Anakula chakula yangu. Mpigieni makofi."

Walipiga. Ketty alikaa nyuma ya meza ya laptop, masikio yakimwaka, akatabasamu kama alivyotakiwa.

Akaanza kuicheza video. Hapo hapo jenereta likakohoa, taa zikazimika, na laptop isiyo na betri ikafa nayo. Umeme uliporudi aliiwasha upya, akijua kipimo alichotunga kimefutika. Vipimo vile vya kutunga havikai mashine ikizimwa. Angelazimika kukitunga upya, mbele ya macho yote yale.

Jina likatokea ukutani: TURNINO MTU WA AMA.

Kisha mtu mmoja kule nyuma akasoma kwa sauti, "Turnino!" na kicheko kikapita ukumbini kama upepo kwenye mabati. Mzungu aliinama kumwuliza kanali.

"Hii ni nini?" Saturnino akageuka. "Jina yangu iko wapi?"

"Televisheni inakata, mzee."

"Inakata! Nimekupa kazi, nimekupa nyama, unanikata jina mbele ya wageni? Mume anaiba mlango, mke anaiba herufi?"

Kicheko kikaongezeka, sasa cha kumwangukia yeye Ketty. Emilio alikuwa ameshaanza kusukumana na viti kuja mbele. "Mjomba, iache tu, video ianze..."

"Nyamaza wewe! Irekebishwe. Sasa hivi. Nataka kila kitu ionekane, mwanzo mpaka mwisho."

"Kila kitu, mzee?"

"Wewe ni kiziwi? Kila kitu!"

Ketty akafungua dirisha jeusi. Alikosea mara moja, vidole vilikuwa na jasho. Akafuta, akaandika tena. Mashine ikapiga hesabu, mstari ukaja. Akaunakili. Akaupa jina. Nyuma yake Saturnino alikuwa akiwaomba wageni radhi na kueleza kwamba watu wa mtaa hawana elimu. Emilio alikuwa amefika mezani, akimnong'oneza, "Dada, dada, tafadhali." Ketty akabonyeza.

Kioo kikazimika, kikafikiri, kikawaka. SATURNINO MTU WA AMANI, herufi zote.

"Ndiyo!" Saturnino akapiga kofi moja. "Si unaona unaweza?"

Na video ikaanza.

Aliyeona kwanza alikuwa mkunga. Alisimama, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akanyoosha kidole.

"Ile kuku yangu."

"Keti, mama. Kuku gani?" Saturnino akauliza.

"Kuku ya mlango yangu! Ile pale! Wanashusha!"

Watu walisimama safu kwa safu. Mwalimu alitaja wake. Mwingine akataja wake. Ukutani Saturnino aliendelea kuinua mikono kwa Mungu, na kando yake, wazi kama mchana, mlango juu ya mlango. Kanali alitoa simu, akaiweka sikioni ingawa haikuwa imelia, akatoka kwa mlango wa jikoni.

"Zima!" Saturnino akapiga kelele. "Wewe mwanamke, zima!"

Ketty aliinua mikono yake kutoka mezani ili wote waone kwamba haigusi kitu.

"Umesema kila kitu, mzee. Nimerekebisha."

Emilio akaung'oa waya, lakini wote walikuwa wameshaona. Teresina alikuwa amesogea mpaka mbele ya Saturnino. Hakumgusa. Alimtazama tu usoni, kwa utulivu, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu, na hakutoka pale mpaka aliposhiba.

*

Lori lililowaleta ndilo lililowapeleka ghalani. Milango mingi ilikuwa imeshauzwa, lakini iliyobaki ilitosha. Na hasira ilipopata mahali pa kushika haikuishia kwenye kilicho chao. Waling'oa lango la Saturnino, wakang'oa milango ya vyumba vyake, madirisha, mabati ya jikoni. Mwenyewe alikimbilia kwa shemeji yake, na shemeji hakumfungulia. Kesho yake walisema ameonekana kwenye barabara ya Nimule, anaelekea Uganda, hata viatu hana.

Asubuhi hiyo mkewe, Yangi, alikuja kwa Ketty. Alisimama nje. Hakuwa na kitenge kichwani, na midomo yake ilikuwa imepasuka.

"Dada Ketty. Mimi niko na watoto ndani ya nyumba wazi. Wanaume wanaingia, wanachukua, wanatoka. Nilaze watoto kwako. Nakuomba."

"Ulikuwa unajua?"

Yangi alitazama chini. "Nilikuwa napika kwa hiyo uwanja, dada. Nisijue vipi?"

Ketty alihisi utamu ukimpanda mpaka kwenye meno. Aliusubiri utamu huu muda mrefu. "Watoto walete. Mama atawapokea, hawana kosa. Lakini wewe utatembea na mimi kwanza. Kila nyumba iliyomwita mume wangu mwizi, utasimama mlangoni useme."

"Niseme nini?"

"Useme Lagu hakuiba, na kwamba ulijua."

Wakatembea. Yangi mbele, Ketty nyuma yake, kwenye jua, nyumba kwa nyumba. Kwa mkunga alisema huku analia. Kwa mwalimu alisema kwa sauti ndogo, na Ketty akamwambia, "Rudia, hawakusikia." Akarudia. Watoto waliwafuata. Wanawake waliacha vyungu motoni kuja kutazama, na hakuna hata mmoja aliyesema yatosha.

Walifika kwa Loro. Alikuwa akipachika mlango wake, ule wa ngoma. Yangi akasema maneno yake, na Loro akaweka nyundo chini.

"Mwache huyu mama apumzike, Ketty. Kalas, imetosha. Sisi tulijua."

"Mlijua nini?"

"Tulikuwa mle uani. Mimi, mwalimu, na wengine. Tuliona pikapu ikiingia." Alijipangusa jasho kwa kiganja. "Tulinyamaza, halafu tukarudi nyumbani na hasira, na vijana walitaka mtu. Saturnino alikuwa na askari. Lagu alikuwa na nani?"

Ketty alimtazama. Alimkumbuka mtu huyu akiimba kwenye harusi yao, Arua, huko Uganda, kabla hata ya kurudi.

"Alikuwa na ninyi," akasema.

Akamshika Yangi mkono, akampeleka nyumbani. Hakumwamuru tena aseme chochote.

Lagu alikuwa ameketi kwenye kivuli cha turubai, watoto wa Yangi wamemzunguka. Uso wake ulikuwa umebadilika tangu jana, kama mtu aliyetolewa mzigo kichwani lakini shingo bado haijaamini.

"Umefika mpaka kwa Loro?"

"Nimefika."

"Amesema nini?"

Ketty alichota maji, akanywa, akairudisha kata mahali pake.

"Anakusalimu."

"Loro ni mtu mzuri," Lagu akasema. "Walimdanganya tu. Jumapili nitarudi kuimba kwaya."

Jumapili ilipofika Ketty alimvalisha shati, akamfunga vifungo, wakaenda wote. Lagu aliimba, na sauti ilimtoka nzuri kuliko zamani. Padri aliposema watu wapeane amani, kanisa zima likageuka. Lagu aliunyoosha mkono wake wa kulia, ule uliokauka, kwa Loro, na Loro akaupokea kwa mikono yake yote miwili, akainama juu yake mabega yakimtikisika.

Kisha Loro akaja kwenye benchi la Ketty, macho mekundu, mkono umenyooshwa. Nyuma yake alisimama mwalimu, na mkunga, na wengine, wakisubiri zamu.

Ketty alibaki ameketi, mikono ameifumbata kifuani. Alimtazama Loro machoni, akaendelea kumtazama, mpaka mkono ule uliposhuka wenyewe.